Mnunuzi Akisema Mzigo Haujafika: Nani Anaamua, na Anatazama Nini

Ukiuza kwenye minada ya mtandaoni kwa muda wa kutosha, ujumbe huu utakufikia tu: "Nimelipa wiki tatu zilizopita, mpaka leo sijaona kitu. Naomba pesa yangu." Kuna muuzaji atakayepandwa na hasira na kujibu kwamba yeye alituma, kwa hiyo mnunuzi ni mwizi. Kuna mwingine atakayeogopa kuharibiwa jina, arudishe pesa palepale bila hata kuangalia mzigo uko wapi. Wote wawili hupoteza, na kinachowaponza ni kimoja: hawajui malalamiko haya yanasikilizwa wapi, na anayeyasikiliza anataka kuona karatasi gani.

Nitaizungumzia zaidi eBay, soko la mnada la mtandaoni, kwa kuwa ndugu zetu wengi walioko Uingereza na Marekani huanzia hapo wakitaka kuuza stempu, sarafu za zamani, kamera, simu zilizotumika au vitenge. Lakini mantiki yenyewe utaikuta hata kwenye masoko mengine.

Kwanza tuelewe pesa iko kwa nani. eBay ilipoanza mwaka 1995, mshindi wa mnada alituma hundi kwa posta na kuomba Mungu. Baadaye PayPal, kampuni ya malipo ya mtandaoni, ikawa njia kuu ya kulipa. eBay iliinunua mwaka 2002, zikatengana mwaka 2015. Siku hizi eBay yenyewe ndiyo inayopokea malipo ya mnunuzi kisha kumpelekea muuzaji. Hilo ndilo jambo la kuweka akilini kabla ya yote. Pesa unayoiita yako imepita mikononi mwa mtu wa tatu aliyemwahidi mnunuzi kwamba asipopata mzigo atarudishiwa, na mtu huyo ana uwezo wa kuikata kwenye malipo yako yajayo. Kumtumia mnunuzi ujumbe mrefu wa kumsuta hakubadilishi chochote, maana mnunuzi siye anayeamua.

Milango ambayo mnunuzi anaweza kubisha

Mkanganyiko mwingi hutokana na watu kudhani kuna malalamiko ya aina moja. Yapo ya aina tatu, kila moja na muda wake.

Mlango wa kwanza ni soko lenyewe. Kwenye eBay mnunuzi ana siku 30 tangu tarehe ya mwisho ambayo mzigo ulitarajiwa kufika. Akifungua malalamiko, muuzaji anapewa siku 3 za kazi kujibu: aweke namba ya ufuatiliaji, arudishe pesa, au wasikilizane. Zikipita bila suluhu, mnunuzi anaweza kuiomba eBay iingilie. Mtumishi wa eBay atakayelifungua faili hilo hamjui yeyote kati yenu, na hana muda wa kusoma historia. Anatazama kama kuna namba ya ufuatiliaji, kama imeandika kwamba mzigo umekabidhiwa, na kama mahali ulipokabidhiwa panalingana na anwani iliyo kwenye oda. Kwa Marekani, oda ikifika dola 750 au zaidi, anatazama pia kama kuna saini ya mpokeaji. Vikiwepo, muuzaji ameshinda. Kikikosekana kimoja, pesa inarudi kwa mnunuzi hata kama wewe umesema kweli tupu.

Mlango wa pili ni wa yule aliyemlipia mnunuzi, yaani PayPal au benki iliyotoa kadi. PayPal inampa mnunuzi siku 180 tangu alipolipa. Kwenye kadi za Visa na Mastercard muda wa kawaida ni siku 120, na kwa mzigo ambao haukufika huhesabiwa kuanzia siku uliyotarajiwa kufika. Ndiyo maana muuzaji anaweza kushangaa kuona pesa ya mauzo ya miezi minne nyuma imezuiwa, wakati kwenye soko kesi hiyo haiwezi hata kufunguliwa tena. Likitokea hilo, eBay hukutaarifu na kukupa siku 5 za kujibu. Wengi huupuuza ujumbe huo wakidhani ni matangazo. Usiupuuze. Ukiwa na ushahidi wa kukabidhi unaokidhi masharti, eBay inaweza kukukinga hata benki ikimpa mnunuzi ushindi.

Mlango wa tatu ni sheria, na hapa Uingereza iko wazi. Sheria ya Haki za Mlaji ya mwaka 2015, kifungu cha 29, inasema bidhaa iliyouzwa na mfanyabiashara kwa mlaji inabaki katika dhamana ya mfanyabiashara hadi iwe mikononi mwa mlaji, au mikononi mwa mtu aliyetajwa na mlaji aipokee. Wauzaji wengi bado wanaandika kwenye matangazo yao kwamba hawahusiki na mzigo unaopotea njiani. Kwa muuzaji wa biashara sentensi hiyo haina nguvu yoyote, kwani haki hiyo haifutwi na maandishi ya tangazo. Muuzaji binafsi anayepunguza vitu vya nyumbani hayumo katika kifungu hicho, ila bado amebanwa na ahadi ya eBay kwa mnunuzi, kwa hiyo faida yake ni ndogo.

Mtego mmoja unafaa utajwe hapa. Mnunuzi akikuomba umrudishie pesa nje ya mfumo, kwa kutuma benki au kwa njia nyingine, huku malalamiko yake yakiwa wazi, usikubali hata kama anaongea kwa upole. Mfumo hauoni pesa hiyo. Utakuja kukukata mara ya pili. Rudisha ndani ya kesi ileile, na kabla ya kubonyeza angalia kama hajafungua nyingine benki.

Karatasi mbili zinazochanganywa

Hapa ndipo wauzaji waaminifu wanapoumia zaidi. Kuna uthibitisho wa kutuma, na kuna uthibitisho wa kukabidhi. Ni vitu viwili, na kila kimoja kina kazi yake.

Uthibitisho wa kutuma ni ile risiti ya kaunta inayoonyesha kwamba siku fulani uliacha kifurushi chenye anwani fulani. Uingereza ukiuomba kaunta ya posta unapewa bure. Karatasi hii inamhusu msafirishaji: ndiyo utakayoitumia kudai fidia kwake mzigo ukipotea. Mbele ya eBay, PayPal au benki haina uzito, maana haisemi kama mnunuzi alipata.

Uthibitisho wa kukabidhi ni rekodi ya msafirishaji kwamba mzigo umefika mwisho wa safari. Huo ndio unaomaliza kesi na mnunuzi. Muuzaji anayesema "lakini ninayo risiti" mara nyingi anayo karatasi ya kesi nyingine kabisa. Naye aliyesharudisha pesa na bado ana risiti asiitupe, kwa kuwa sasa ni zamu yake kumdai msafirishaji. Mkataba wa usafirishaji ni wake, haumhusu mnunuzi. USPS, shirika la posta la Marekani, kwa mfano, ilipoanzisha huduma ya Ground Advantage mwezi Julai 2023 iliweka ndani yake ufuatiliaji na bima ya hadi dola 100. Watu wanailipia kila siku, wanapoteza mzigo, wanamrudishia mnunuzi, kisha wanasahau kudai kilicho chao. Madai hayo yana siku ya mwisho, na siku ikipita hakuna wa kukusikiliza.

Kwa mizigo inayovuka mipaka kuna jambo dogo linalowakosesha watu pesa nyingi. Namba za posta za kimataifa hufuata mfumo mmoja uliowekwa na Umoja wa Posta Duniani: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi ulikotoka mzigo, kama GB kwa Uingereza, TZ kwa Tanzania au KE kwa Kenya. Herufi ya kwanza ndiyo inayokuambia ulinunua nini. R ni rejista, E ni EMS, yaani huduma ya posta ya haraka, C ni kifurushi cha kawaida, L ni pakiti ndogo yenye ufuatiliaji. Ikiwa ni U, huna ufuatiliaji wa kukabidhi. Msimbo huo umebandikwa kwa ajili ya taarifa za forodha tu. Mzigo unaweza kuonekana umetoka nchini kisha rekodi ikanyamaza milele. Muuzaji anaiona milia nyeusi na namba ndefu kwenye lebo, anaiweka kwenye oda, analala usingizi. Siku ya kesi anakuta hana kitu.

Mfumo huohuo unakusaidia kugundua namba ya kubuni. Tarakimu ya tisa inatokana na nane za mwanzo. Chukua RR473124829GB. Zidisha 4, 7, 3, 1, 2, 4, 8, 2 kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9, 7 kwa mpangilio huo, ujumlishe: unapata 200. Gawanya kwa 11, inabaki 2. Toa 2 kwenye 11, unapata 9, na kweli tarakimu ya mwisho ni 9. Ukipata 10 huandikwa 0, ukipata 11 huandikwa 5. Ukiwa wewe ndiye mnunuzi, na muuzaji amekupa namba ambayo hesabu yake haikubali, namba hiyo haikutoka posta.

Mfumo umesema umefika, mnunuzi anasema hapana

Hii ndiyo hali ngumu kuliko zote, na ndiyo inayofanya watu waitane wezi. Naomba tuende nayo polepole, kwa sababu mnunuzi anaweza kuwa mkweli na rekodi nayo ikawa sahihi kwa wakati mmoja.

Mleta mizigo anaweza kubonyeza "imekabidhiwa" akiwa bado kwenye gari ili aonekane amemaliza zamu kwa wakati, na kifurushi kikafika kesho yake. Anaweza kukiacha kwa jirani, kwa mlinzi wa jengo, nyuma ya pipa la taka. Kilichoachwa mlangoni kinaweza kuibwa na mpita njia. Huko Marekani wizi huu umezoeleka kiasi kwamba watu wamefunga kamera milangoni kwa sababu hiyo. Anwani inaweza kuwa na namba ya jengo bila namba ya fleti. Mtoto au mke anaweza kuwa alipokea na kukiweka kabatini.

Lipo na jambo baya zaidi ambalo kila muuzaji anapaswa kulijua. Matapeli wanaojifanya wauzaji hutuma bahasha yenye kikaratasi tu kwenda nyumba nyingine kabisa katika mji uleule wa mnunuzi. Rekodi inaonyesha imekabidhiwa, mji na msimbo wa posta vinalingana, na mnunuzi halali anaambiwa ameshindwa kesi. Mtu aliyewahi kufanyiwa hivyo, akikuandikia kwa ukali kwamba mfumo unadanganya, ana sababu yake.

Kwa hiyo jibu la kwanza liwe la kutafuta mzigo. Kitu kama hiki kinatosha: "Habari. Pole kwa usumbufu. Rekodi inaonyesha kifurushi kilikabidhiwa Jumanne saa 7:40 mchana, kwenye anwani iliyo katika oda yako. Tafadhali uliza nyumbani, kwa jirani na kwa mlinzi, na uangalie sehemu za nje zenye kivuli au stoo. Wakati mwingine hurekodiwa siku moja kabla. Nami nafungua ulizo kwa msafirishaji leo, nitakuandikia nikijibiwa." Hakuna tusi hapo, hakuna ahadi ya pesa, na kila neno litasomwa na eBay kesi ikifika huko.

Kisha fanya ulichoahidi. Vifaa vya kuskani vya USPS hurekodi mahali pa kukabidhi kwa GPS, na ofisi ya posta ya eneo la mnunuzi inaweza kuangalia kama alama hiyo iko nyumbani kwake au mtaa wa pili. Kampuni nyingine hupiga picha ya kifurushi mlangoni. Iombe na umpelekee mnunuzi. Mara nyingi picha yenye mlango wa rangi asiyoijua humaliza ubishi, na wakati mwingine humkumbusha kwamba huo ni mlango wa mama mkwe.

Usimtishe na polisi. Ila unaweza kumwambia kwamba msafirishaji anachunguza, na kwamba huenda akahitaji tamko lake la maandishi kuwa hakupokea. Aliyepoteza mzigo kweli hukubali haraka, kwani na yeye anautafuta.

Anwani ndiyo roho ya kesi

Mnunuzi akishalipa, kisha akakuandikia: "Samahani, nimehama, nitumie kwa dada yangu," kinga yako imo hatarini. Soko linalinganisha mahali pa kukabidhi na anwani ya oda, wala halisomi makubaliano yenu ya pembeni. Mwambie oda ifutwe, alipe upya kwa anwani sahihi. Mnunuzi mwema atalalamika kidogo, atafanya. Vivyo hivyo kwa anayekuja kuchukua mwenyewe: eBay ina msimbo wa kuskani au namba ambayo mnunuzi anakupa mnapokutana. Usimkabidhi kitu kabla hujaiingiza, hata kama ni Mswahili mwenzako na mmeongea kindugu, maana bila hiyo huna njia ya kuonyesha kwamba alichukua.

Wanunuzi wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala mara nyingi hutumia mawakala wenye bohari Marekani, Uingereza au Dubai. Kwenye oda utaona anwani ya bohari yenye namba ndefu ya mteja mwishoni. Namba hiyo iandike yote. Ukiiacha, kifurushi kitafika bohari kikose mwenyewe, na hapo mlalamikaji ana haki. Lakini bohari ikishapokea, dhamana ya eBay imeishia mlangoni pale. Safari ya pili ni kati ya mnunuzi na wakala wake. Kwa mnunuzi wa huku nyumbani ni muhimu kulijua hili mapema, kwani wengi humfungulia muuzaji kesi juu ya mzigo ambao umekwama kwa wakala wao wenyewe, wakashindwa, na muda wa kumbana wakala ukawa umepita.

Ukituma moja kwa moja Tanzania au Kenya, kumbuka kwamba mzigo wa posta hauendi mlangoni mara nyingi. Unafika ofisi ya posta, kikaratasi cha taarifa kinawekwa kwenye sanduku, na sanduku hilo huenda ni la shule, la msikiti au la ofisi ya mjomba. Mpokeaji anasema haujafika, posta inasema unamsubiri. Andika namba ya simu ya mpokeaji juu ya kifurushi na kwenye fomu ya forodha. Malalamiko yakija, mwambie aende na namba ya ufuatiliaji kaunta ya mizigo kabla haujarudishwa ulikotoka.

Forodha nayo ina mambo yake. Tangu tarehe 29 Agosti 2025 Marekani imeondoa msamaha wa ushuru uliokuwa ukihusu mizigo ya thamani isiyozidi dola 800, na mashirika mengi ya posta yalisimamisha kwa muda kupeleka vifurushi huko. Mzigo unaokaa forodha haujapotea, ila saa ya malalamiko inaendelea kuhesabu. Weka kwenye tangazo muda mrefu wa kufika, wala usiogope kwamba utamkimbiza mnunuzi. Tarehe hiyo ndiyo siku zake 30 zinapoanzia. Muuzaji aliyeko Marekani anaweza pia kutumia mpango wa eBay wa usafirishaji wa kimataifa, ambapo wewe unapeleka kifurushi kwenye kituo chao cha ndani ya nchi, na baada ya hapo kupotea kwake si juu yako.

Na wale wezi wa kweli

Wapo. Anayenunua simu ya bei kubwa akiwa na akaunti ya juzi, anaharakisha, anaomba anwani ibadilishwe, kisha anadai siku ileile rekodi ilipoonyesha imekabidhiwa, huyo mtazame vizuri. Lakini hata dalili zote zikikutana si ushahidi, na ukimwandikia kwamba ni tapeli umempa yeye karatasi ya kukushtaki kwa lugha mbaya. Tangu mwaka 2008 muuzaji wa eBay hawezi kumwachia mnunuzi maoni mabaya, kwa hiyo njia zilizobaki ni kumzuia asinunue kwako tena na kumripoti. Ripoti yako peke yako inaweza isionekane na matokeo, ila eBay huona historia ya akaunti yote, nawe huioni. Ripoti, hata kama kesi umeshindwa.

Kwa vitu vidogo hesabu inabadilika. Stempu ya pauni 3 haiwezi kubeba gharama ya rejista, na mnunuzi hatakubali kuilipa. Marekani tangu 2021 kuna bahasha maalumu ya eBay ya kadi za kukusanya, stempu na sarafu za thamani isiyozidi dola 20, yenye ufuatiliaji wa bei nafuu. Kwingineko muuzaji anaamua kubeba hasara chache na kuziweka kwenye bei. Ni uamuzi mzuri mradi uandike. Mali bila daftari hupotea bila habari: ukiandika kila oda, nchi, njia ya kutuma na matokeo, baada ya mwaka utajua hasara yako halisi ni ngapi na inatoka upande gani, na utajua ni kuanzia bei ipi ulipie saini.

Likitokea kwamba umerudisha pesa na mzigo ukafika mwezi uliofuata, hakuna mfumo utakaomlazimisha mnunuzi akulipe. Angalia namba ya ufuatiliaji hata baada ya kesi kufungwa, na ukiona umekabidhiwa, mwandikie kwa adabu kwamba mzigo umefika, ukimwelekeza namna ya kukulipa. Wanunuzi wengi ni watu wa kawaida waliokuwa na wasiwasi na pesa yao, na wapo wanaolipa siku hiyohiyo. Mzigo ukirudi kwako, uuweke mnadani tena, na kabla ya kuufunga upya toa lebo ya zamani, maana msimbo wa zamani ukiskaniwa kwa bahati mbaya unaweza kuupeleka mzigo kwa mnunuzi wa kwanza.